Vumbi Chini ya Maji

"Bwawa hili nikilimaliza mimi, mtatupa sindano chini, na baba ataisoma namba yake akiwa amekaa kitini," alisema Naweza. Akajipiga kifua, ila si sana, maana mdomo ulikuwa umejaa chai.

Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwepo mahali, lakini ukweni walishalisahau. Walimwita Naweza, kwa sababu mtu huyu ukimwuliza kama anaweza kuruka angani, atakuuliza unataka aruke upande gani. Pasi imeharibika? Naweza. Antena imepinda? Naweza. Ile pasi sasa ilikuwa inazuia mlango usifungwe na upepo, na ile antena ilikuwa ikileta picha bila sauti. Alikuwa amehamia hapo na mkewe baada ya kupunguzwa kazini, "kwa muda mfupi tu", na muda mfupi wenyewe ulikwisha ota ndevu.

Mwenye nyumba alikuwa baba mkwe wake, fundi cherehani aliyestaafu baada ya kuvisha sare watoto wa nusu ya mji. Bwawa la kuogelea la nyuma ya nyumba alilichimbisha kwa ajili ya magoti mabovu ya marehemu mkewe, na mama alipoondoka, mzee akaendelea kuogelea mwenyewe, kila alfajiri, polepole, kama mtu anayempelekea mwenzake salamu. Kisha mvua kubwa ikaangusha ukuta wa jirani, na udongo wote ukashukia bwawani. Matope mazito yalizolewa kwa ndoo. Kilichobaki chini kilikuwa vumbi laini kama poda ya mtoto, na hilo ndilo lililogoma kutoka.

"Tumwite fundi wa mabwawa," mzee alisema.

"Baba! Fundi kwa vumbi hili? Hiyo ni kukodi tembo akukanyagie sisimizi."

Naweza akaunga bomba la kunyonya, akawasha pampu, akashinda juani akisukuma ule mpini mrefu huku na huku. Jioni vigae vya buluu vilionekana hadi chini. Mkewe akatoka na kikombe cha maji baridi, akamwangalia mumewe kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia tangu barua ya kazini. Jicho lile lilimwingia Naweza kuliko maji.

Tatizo ni kwamba chujio la bwawa lile lilikuwa tangi la mchanga. Mchanga hukamata majani, nywele na wadudu. Vumbi jembamba kuliko mchanga wenyewe hupenya humo kama mwizi aliyekonda dirishani, likarudi bwawani kupitia matundu ya ukutani. Pampu ikizimwa usiku, maji yakitulia, linashuka taratibu na kulala palepale lilipokuwa. Kazi yote ile Naweza alikuwa amelitembeza vumbi matembezi ya jioni, kisha akalirudisha kwao.

Asubuhi mzee alikaa mezani na taulo shingoni. "Mwanangu, vumbi bado lipo chini."

Naweza alikuwa hata hajanawa uso, sembuse kwenda kuangalia. "Vumbi gani tena, baba? Labda macho hayo."

Ulimi hauna mfupa. Ulikuwa utani tu, lakini mzee alishusha kikombe.

"Macho yangu?"

Huyu alikuwa mtu wa kutunga uzi kwenye sindano huku akizungumza na mteja. Macho yake ndiyo yaliyosomesha mabinti zake.

"Umri, baba," Naweza akaendelea, maana alishaanza. "Yanaanza hivyohivyo. Mara vumbi, mara ukungu."

Baadaye alikwenda bwawani kimyakimya, akalikuta vumbi limetandaa chini nzima. Hakuwa mjinga. Aliukagua mpini wa koki kwenye lile tangi, akaona kuna upande wa kuyapeleka maji nje moja kwa moja bila kupita kwenye mchanga. Angeugeuza tu, akanyonya taratibu, wakapoteza maji kidogo na vumbi likaenda zake. Lakini kuugeuza kulitaka kwanza aseme: baba umeona sawa, mimi ndiye sikuona. Akaukumbuka uso wa mkewe na kile kikombe. Akaacha.

Kuanzia hapo akawa anamtangulia mzee. Alishuka na brashi ya mpini mrefu kabla hakujapambazuka vizuri, akasugua chini, vumbi likainuka, na maji yote yakawa kama ya kuoshea mchele. Mzee aliposhuka, vumbi la chini hakuliona. Aliona ukungu.

"Leo naona ukungu mtupu."

"Si nilikuambia, baba?"

Naweza alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioua.

Wakati huo binti mdogo wa mzee alikuwa anaolewa. Kitambaa cha gauni kilikuwa kabatini tangu mama yake akiwa hai, na mzee alikuwa amemwahidi tangu yuko darasa la kwanza kwamba gauni lake halitaguswa na mkasi wa mtu mwingine. Jioni moja alikitandaza mezani, akachora kwa chaki, akaushika mkasi. Akaushika muda mrefu. Kisha akauweka chini.

"Kitambaa hiki hakikatwi mara mbili," alisema. "Mpelekeeni fundi mwingine."

"Baba, twende kwanza kwa daktari wa macho," mke wa Naweza akasema.

"Nikaambiwe na mgeni nilichokwisha ambiwa na mwanangu?"

Naweza alikuwa kwenye kochi anatafuna karanga. Hapo ndipo pa kusema. Akameza, akasema, "Busara hiyo, baba. Heri nusu shari."

Gauni likarudi. Bibi harusi mtarajiwa akalivaa, akasimama mbele ya kioo cha ukumbini, na baba yake akaupapasa mshono wa begani kwa kidole gumba.

"Bega la kushoto limeshuka," alisema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Au ni mimi?"

Mke wa Naweza alinyamaza kwa kumhurumia mdogo wake. Naweza hakunyamaza.

"Ni wewe, baba."

Bibi harusi akajitazama kiooni. Bega lilikuwa limeshuka, kiasi cha kuonekana hata ukiwa unapita njia. Akamgeukia shemeji yake, akamtazama kama mtu anayekagua noti. Kesho yake alipoanika kaptula ya kuogelea ya baba yake, alikunjua pindo, akakuta vumbi laini limejaa ndani. Akamfuata Naweza jikoni.

"Shemeji, na hili nalo limetoka machoni kwa baba?"

"Chokaa ya ukuta hiyo, shemeji. Harusi inakupandisha presha."

"Eeh. Mwenye macho haambiwi tazama," akajibu, akaenda zake.

Alfajiri iliyofuata Naweza akashuka na brashi yake. Akasimama ukingoni, akashangaa. Maji hayakuwahi kuwa vile. Yalikuwa angavu kabisa, kama hayapo, na vumbi lote limejikusanya chini zito na tulivu, mfano wa shuka lililotandikwa. Bomba la kunyonya lilining'inia kwenye msumari wake, karibu tu. Angegeuza koki, akanyonya taratibu, na jua likichomoza bwawa lingekuwa safi kweli.

Akaliwaza hilo. Hata akaunyoosha mkono. Kisha akamwona mzee kichwani mwake, amesimama majini anaona hadi chini, anauliza: macho yangu yamepona lini? Na mkewe nyuma na kikombe.

Akachovya brashi. Vumbi likapanda kama moshi.

"Usiache, shemeji. Ile kona umeiruka."

Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza, pakiti tupu ya shabu mapajani. "Nimeimwaga jana jioni," alisema. "Muuza dawa za mabwawa kaniambia inashusha vumbi lote chini, usiku mmoja tu. Nikamwambia baba, leo tuamke mapema, tukaone unavyotibiwa macho."

Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, mzee alikuwa amekaa na taulo shingoni.

Naweza akatafuta utani. Siku zote ulikuwepo mmoja wa akiba. "Baba, mimi nilikuwa..." akasema, brashi ikichuruzika.

Mzee hakuyatazama maji. Alimtazama mkwewe, kutoka ng'ambo ya bwawa, taratibu, toka shingoni kushuka chini, kama alivyotazama watu maisha yake yote kabla ya kuchukua chaki.

"Kifungo cha pili hakipo," alisema. "Na hicho cha chini umekishona kwa uzi mweusi. Shati jeupe, uzi mweusi."

Mkono wa Naweza ukapanda wenyewe kifuani. Kweli, hakikuwepo.