Sinia Kabla ya Fainali

Mwaka jana timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya chuo anachosoma mjukuu wangu ilikuwa na mechi nane, ikafungwa saba. Ya nane haikufungwa kwa sababu basi la wapinzani liliharibika njiani. Mwaka huu timu hiyo hiyo, kwa wachezaji wale wale, imechukua kombe la vyuo vya Ghuba, na hapa Maskati kila mtu ana maelezo yake. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya mambo ilitokea nyumbani kwangu, kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa.

Mjukuu wangu anaitwa Muatasim. Ana miaka ishirini na mmoja, anasomea uhandisi, na ndiye nahodha. Timu yao inaitwa Choroa, kwa jina la yule mnyama mweupe wa jangwani mwenye pembe ndefu, ambaye nadhani hajapata kuona barafu maishani mwake. Kocha wao ni Enos, kijana wa Kikenya. Mchana anatengeneza magari katika mtaa wa Ghala, jioni anafundisha katika uwanja wa barafu huku Qurum. Watu humuuliza Mkenya kajifunza wapi kuteleza juu ya barafu. Yeye huwajibu, "Nairobi. Na nyinyi Waomani mlijifunza wapi?" Hapo mazungumzo huisha.

Mchezo wenyewe si mgumu kuufahamu. Wanaingia watu sita kila upande, mmoja wao golikipa, wamevaa viatu vyenye visu chini yake, wanagombea kisahani kigumu cheusi kwa magongo. Kuna vipindi vitatu vya dakika ishirini. Kupigana vikumbo kunaruhusiwa, lakini anayezidisha refa humtia kibandani akae dakika mbili, kama mtoto aliyeadhibiwa skuli. Mke wangu, Bi Bakhita, alipokiona kibanda hicho mara ya kwanza alisema kingetufaa nyumbani.

Mambo yalianza kwenye mechi ya kirafiki, kabla ya msimu kufunguliwa. Tulipofika uwanjani tuliwakuta vijana wa Al Ain wamekaa juu ya mabegi yao, wanakula mikate ya kituo cha petroli, kila mmoja na karatasi yake. Bi Bakhita alisimama akawatazama.

"Hawa wageni wa nani?"

"Wa Muatasim," nikamwambia. "Wamekuja kucheza naye."

"Wamekuja kwa Muatasim, na wanakula kwenye karatasi?"

Mtu aliyeishi naye muda mrefu angejua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Kesho yake nilimpeleka soko la Hamriya akanunua sinia sita.

Tangu siku hiyo, kila timu iliyokuja Maskati ilikula kwetu baada ya sala ya Ijumaa, halafu saa kumi na nusu ndiyo inaingia uwanjani. Wa Bahrain walikula pilau na sambusa, wakafungwa nne kwa moja. Wa Kuwait walipikiwa biriani ya mbuzi. Golikipa wao, kijana mkubwa kama kabati, alirudia wali mara tatu, na kipindi cha pili aliegemea mwamba wa goli kwa namna ambayo mimi naamini alikuwa anasinzia. Sita kwa bila. Wa Al Ain na wa Dubai nao walikwenda njia hiyo hiyo. Ugenini, ambako Bi Bakhita hakuwa na jiko, tulishinda mbili tukafungwa mbili. Dubai walitufunga tano kwa moja.

Nusu fainali ilikuwa nyumbani, na Kuwait hawakuwa wamejifunza kitu. Tukaingia fainali, tukutane na Dubai, hapa hapa Maskati.

Nahodha wa Dubai anaitwa Loai, kijana mwembamba mrefu mwenye tabasamu la mtu aliyeficha kitu mfukoni. Wiki moja kabla ya fainali alisambaza kwenye simu picha ya sinia yetu iliyobaki mifupa, na chini yake akaandika: "Mchezaji bora wa Choroa." Picha ikazunguka Ghuba nzima. Chuoni wenziwe Muatasim wakawa wanamuuliza kama leo kuna mazoezi au kuna kumenya vitunguu.

Alikuja nyumbani jioni ile uso umemvimba. Bibi yake alikuwa anachagua mchele.

"Bibi, fainali usipike."

"Nisipike nini?"

"Usipike chochote. Watakula hotelini."

"Hotelini." Alilitamka neno hilo kama anayeonja mchuzi uliochacha. "Watoto wa watu watoke Dubai alfajiri, waingie mji huu, mimi nna nyumba, nna jiko, nna mikono, wakale hotelini. Kwani nimekufa?"

"Hujafa, Bibi. Lakini watu wanasema tunashinda kwa sufuria lako. Nikichukua kombe hawatosema Muatasim kashinda, watasema Bi Bakhita kashinda. Nimefanya mazoezi mwaka mzima, nimeng'oka meno mawili—"

"Moja," nikasema. "La pili lilikuwa bovu."

"Babu, tafadhali." Akamgeukia tena bibi yake. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Nikimshinda Loai, Loai mwenyewe kwa mdomo wake aniambie umenishinda. Lakini wao wakiingia wazito na sisi wepesi, ataniambia vipi?"

Mkono wa Bi Bakhita ukasimama juu ya ungo. "Kwa nini wao wazito na nyinyi wepesi? Si mnakula pamoja?"

Muatasim akatazama zulia.

"Kocha anatupa ndizi na tende, saa sita."

"Nyinyi hamli?"

"Tunahudumia, Bibi. Tunapitisha sinia, tunamimina kahawa..."

Lazima nieleze kwamba kwetu wageni wa kiume wanakaa majlisi, chumba cha mbele, na Bi Bakhita anakuwa ndani. Sinia zilikuwa zinatoka kwake zimejaa na zinarudi tupu, na msimu mzima alikuwa na furaha akijua ni watoto wote wamekula. Sasa alinigeukia mimi.

"Na wewe, Baba Yaarub? Ulikuwa unatazama tu?"

"Mimi nilikula," nikajitetea. "Kila mara nilikaa nao nikala. Mwenyeji alikuwepo."

"Mwenyeji mmoja. Mzee wa miaka sabini na minne. Kwa wageni ishirini."

Alikuwa na haki, na nilijua ana haki, kwa sababu hayo ndiyo malezi tuliyolelewa sote. Mgeni haachwi akala huku mwenyeji kamsimamia. Mwenyeji anakaa naye sinia moja, anamsogezea nyama nzuri upande wake, na haondoi mkono mpaka mgeni aondoe wake, ili mgeni asione haya akanyanyuka na njaa.

"Mmewalisha watu kama kuku wa kuchinja," akasema Bi Bakhita. "Haya, sikiliza. Fainali napika. Na nyinyi mtakaa nao, sinia moja, na hakuna Choroa atakayenyanyuka kabla ya mgeni wake. Wakiwa wazito, na nyinyi mtakuwa wazito. Hapo akikushinda, kakushinda. Ukimshinda, umemshinda."

Muatasim alifikiri kidogo. Ilikuwa ndiyo haki aliyokuwa akiitafuta, ila hakutazamia kwamba ingekuja na samli. Akainama akambusu bibi yake kichwani. "Haya, Bibi."

Enos alipopata habari alikuja nyumbani na nguo za gereji, mikono ina mafuta ya gari mpaka viwikoni.

"Mama, please. Hawa vijana wakikula biriani saa nane, saa kumi na nusu hata kamba za viatu hawatafunga. Angalau nusu sahani?"

"Enos, mwanangu, kwenu mgeni akija unampa ndizi?"

"Kwetu tunachinja kuku, mama."

"Na wewe huli?"

"Nakula."

"Basi."

Alinivuta pembeni. "Mzee, si uongee na yeye?"

"Nimekuwa nikizungumza naye miaka arubaini na tisa," nikamwambia. "Siku nikifanikiwa nitakupigia simu."

Ijumaa ya fainali basi la Dubai liliingia saa tano. Saa saba na nusu sinia sita zilikuwa chini, na kila sinia imezungukwa na vijana wa timu zote mbili waliochanganyika. Mimi nilikaa na Muatasim na Loai. Nilitazama nikagundua jambo. Wageni walikuwa wamejiandaa. Kila mmoja alikula matonge matatu au manne, akahimidi, akaondoa mkono. Vijana wetu nao wakaondoa yao, wepesi kama walivyoingia. Mlangoni Enos alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Lakini Loai hakuondoa mkono.

Mama yake Loai ni wa ukoo wa Pemba. Kwa hiyo kijana anazungumza Kiswahili kama sisi, na malezi yetu anayajua moja moja. Alichukua punje mbili za wali akazitafuna kwa utulivu.

"Bibi yako kajua kupika, Muatasim. Mimi hula polepole. Usiniharakishe."

"Nani anakuharakisha? Uko kwako."

"Mbona mkono wako umesimama? Umeshiba?"

"Mimi? Sijaanza."

Akala. Loai akachukua punje nyingine. Muatasim akala tena. Nikaona mtego ulivyo: mgeni anadona, mwenyeji anasindikiza, na mwenyeji hana ruhusa ya kudona kama mgeni, maana itaonekana amechoka naye. Ilipita robo saa namna hiyo. Halafu Muatasim akakumbuka kwamba mwenyeji naye ana silaha yake. Alichambua kipande kikubwa cha paja la mbuzi, kile kilicholala na mafuta yake, akakiweka mbele ya Loai kwa mkono wake mwenyewe.

"Hiki nimekuwekea wewe."

Loai alikitazama. Kilichowekwa na mkono wa mwenyeji hakikataliwi. Akakila.

"Na hiki cha mfupani."

"Allah akuzidishie," akasema Loai, jasho likianza kumtoka. "Ila nisindikize, usiniache peke yangu."

Basi ikawa hivyo. Mmoja anaweka, wa pili anakula na kudai asindikizwe. Wachezaji wengine walikuja wakasimama kutuzunguka, wengine wanashangilia. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenyeji katika sinia hiyo, nilibaki nimezamisha vidole kwenye wali kama mtu aliyepoteza pete. Ikafika saa tisa. Sauti ya Bi Bakhita ikatoka ndani: "Muulizeni mgeni kama aongezwe!"

Loai akafumba macho. "Mwambieni Bibi tumetosheka. Wallahi tumetosheka."

Waliondoa mikono kwa pamoja, na wakainuka kwa kushikana, kama wazee wawili wanaotoka msikitini.

Uwanjani timu zote mbili zilikuwa nzima isipokuwa manahodha wao. Kipindi cha kwanza, bao moja kwa moja. Cha pili, mbili kwa mbili. Muatasim na Loai waliteleza taratibu katikati kama watu wanaotembezwa hospitali. Enos akamwita mjukuu wangu kwenye ukuta wa uwanja.

"Captain, toka upumzike."

"Loai katoka?"

"Bado yuko ndani."

"Basi na mimi niko ndani."

Upande wa pili nilimwona kocha wa Dubai anabishana na Loai, na kwa ishara za mikono nadhani maneno yalikuwa hayo hayo.

Zilipobaki dakika mbili, kisahani kikapigwa kikaenda pembeni kabisa, hakina mwenyewe, na walio karibu nacho ni wao wawili. Uwanja mzima ulidhani watakiacha. Wakakikimbilia. Mbio zile hazikuwa nzuri kutazama. Bi Bakhita, ambaye kwa kawaida hufunika macho kwa mtandio akiogopa wasianguke, alisimama juu ya kiti. Muatasim alikifikia mbele kwa urefu wa kidole. Loai akampiga kikumbo, wote wawili wakaingia ukutani kwa kishindo cha magunia mawili ya mchele yakishushwa. Loai akaanguka. Muatasim akayumba, akashikilia, akageuka, akapiga. Golikipa wa Dubai, aliyekula matonge matatu tu na hakuwa na kisingizio, alijinyoosha kote, na kisahani kikapita chini ya kwapa lake.

Tatu kwa mbili, na hivyo ndivyo ilivyokwisha.

Wenziwe walimrukia, lakini yeye aliwasukuma akawa anamtazama Loai. Loai aliinuka, mkono mmoja tumboni, akaja mpaka mbele yake. Tulikuwa karibu, tulisikia.

"Umenishinda," akasema.

"Sikusikia."

"Umenishinda, Muatasim! Huku na kule, kote umenishinda. Tumekula sawa, umenishinda."

Muatasim alifungua mdomo kumjibu, uso ukabadilika rangi, akatoka mbio kuelekea chooni. Loai alimfuata nyuma. Ndiyo maana katika picha rasmi ya msimu huu kombe limeshikwa na Enos, mwenye mafuta ya gari kwenye kucha.

Kabla basi halijaondoka Loai alitoa kichwa dirishani. "Mwakani nyinyi mnakuja kwetu! Nimezungumza na mama kwenye simu, keshauliza mko wangapi!"

Enos alijifunika uso kwa kofia.

Tuliporudi, Muatasim alikaa kiti cha nyuma cha gari, kombe mapajani. Tulipopita taa za kwanza akasema, "Bibi, ulimsikia Loai?"

"Nilimsikia."

"Kasema nini?"

"Kasema umemshinda."

Tulipofika mlangoni akauliza tena, na Bi Bakhita, ambaye katika miaka arubaini na tisa hajanijibu mimi swali moja mara mbili, akamjibu.