Matibabu ya Mzazi

Kwa miaka tisa mkamwana wangu Rut hakuwahi kunionyesha uso wake. Tulikaa uwanja mmoja hapa Makwale, nyumba yangu huku, yake na mwanangu Lazaro kule, na bado sikuijua sauti yake. Akisikia nakohoa njiani, anaingia kwenye mikakao na kujifunika kitenge mpaka nipite. Chakula alikipika yeye, mke wangu Anyisile akakileta. Vijana wa siku hizi huona ni ushamba. Kwetu Wanyakyusa ndiyo heshima ambayo mke wa mwana humpa baba mkwe, na mimi niliipenda kuliko ninavyotaka kukiri.

Mwaka jana niliuza kakao vizuri. Amon, mwenye kibanda cha miamala pale Ipinda, akanionyesha apu ya kukopeshana. Unaweka hela yako, unasoma maombi ya watu, unamchagua wa kumkopesha, anakurudishia na riba. Majina hayaonekani, ya mkopaji wala ya mkopeshaji, mpaka deni liishe. Unaona jinsia, umri, kata, kiasi na sababu, basi. Niliweka milioni moja na laki mbili, na sikumwambia mtu. Hela ya mzee ikijulikana, kila mtoto anapata shida ghafla.

Mwezi wa tatu ngiri ikanilaza hospitalini. Upasuaji na dawa, laki nne. Hela nilikuwa nayo kwenye simu, chini ya mto, lakini nilimwambia Lazaro sina kitu. Nilitaka kuona kama nimezaa watu au nimezaa midomo. Ndivyo nilivyo, wala sijisifu.

Jioni ile, nikiwa kitandani, nilifungua apu nipoteze mawazo. Ombi la kwanza: mwanamke, miaka thelathini na moja, Makwale, laki nne, matibabu ya mzazi. Nikamwonea wivu huyo mzazi. Nikasema, wapo wenye watoto. Nikabonyeza.

Kesho yake Lazaro akaja na laki nne. "Mama watoto kazipata kwenye kikoba," alisema. Mama yake akashika mikono yake miwili akimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu, ndaga fijo." Mtu akiniuliza mbona sikuunganisha mambo, jibu langu ni kwamba nilishaambiwa kikoba, na kikoba kilinitosha. Nikapasuliwa, nikapona.

Mvua za mwaka huu hazikutaka kuisha. Kakao ikaoza mitini, na mkopaji wangu wa Makwale akapitisha siku ya kulipa, kisha wiki, kisha mbili. Apu ikaniuliza: umvumilie, au akumbushwe kupitia watu wake? Nilikasirika. Mtu anatumia ugonjwa wa mzazi kuombea hela, halafu anajificha? Nikabonyeza la pili.

Sikumaliza hata kikombe cha chai. Simu yangu ikalia. "Ndugu, RUT ANANGISYE unayemfahamu anakwepa deni la Sh 460,000. Mshauri alipe."

Ujumbe huo ulikwenda kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yake: mume, mchungaji, kwaya nzima, wazazi wake Katumba Songwe. Na mimi.

Ningependa kusema niliumia. Sikusikia kitu. Niliusoma mara tatu, nikamalizia chai iliyokwisha kupoa, nikaenda kugeuza kakao kwenye mkeka. Usiku Lazaro alifoka upande wa pili wa uwanja, na Rut hakujibu, au alijibu kwa sauti ambayo haikunifikia. Jumapili hakwenda kanisani. Ningeweza kuvuka uwanja na kusema ni mimi. Hatua arobaini. Siku tano zilipita, kila asubuhi nikijiambia kesho, na kila mchana chakula kilikuja kama kawaida, ndizi zimeiva vizuri, na mimi nikala.

Siku ya sita cherehani ya Rut ilifungwa nyuma ya pikipiki na kwenda Ipinda kuwekwa rehani. Saa nane simu ikalia. "Hongera! Mkopaji amelipa deni lote." Chini yake, maandishi madogo: kwa kuwa mkopo umefungwa, pande zote mbili sasa zinaweza kufahamiana. Jina la Rut likatokea kwenye simu yangu. Nikaelewa kwamba saa hiyohiyo, upande wa pili wa uwanja, limetokea langu.

Asubuhi yake nilikuwa natoka shambani, Anyisile yuko nyuma yangu na mundu. Nikasikia hatua mbele, nikakohoa kama siku zote. Hatua hazikusimama.

Akaja katikati ya njia, kapu kichwani, uso wazi. Ana kovu dogo juu ya jicho. Miaka tisa, sikujua.

"Shikamoo, mzee," alisema. Hakusema baba.

"Marahaba."

"Hela imefika?"

Sauti yake ni nzito kidogo, haina hasira. Hivyo ndivyo mtu anavyomuuliza Amon pale kibandani.

"Imefika," nilisema. "Rut, ile cherehani nitaikomboa."

"Tumeshamalizana, mzee." Akapita, bega lake likanigusa kidogo kwa sababu njia ni nyembamba.

Anyisile alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Amezaliwa hapahapa, hahitaji kuelezwa maana yake mkamwana akikusemesha hivyo njiani.

"Amekusemesha," alisema.

"Ndiyo."

"Kakwambia nini?"

"Ameuliza kama hela imefika."

"Hela gani?"

Nikamwambia.