Mlango Usio na Bawaba

Mimi kazi yangu ni makufuli. Nimetengeneza vitasa, nimechonga funguo, nimewafungulia watu waliojifungia nje wakiwa na taulo tu, na sikumcheka hata mmoja mpaka nilipofika kwangu. Klabuni wananiita Komeo. Sikulichagua jina hilo, ila nimeona watu wenye majina mabaya zaidi.

Klabu yetu inakusanya viti vya magurudumu na magongo ya kutembelea, tunavikarabati, tunawaazima wanaovihitaji. Kila Alhamisi jioni tulikuwa tunakutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya zahanati. Mwenyekiti ni daktari wa meno, mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu. Katibu ni mama mwenye duka la mikate. Mhazini ni fundi cherehani. Mimi ni Mlinda Mlango.

Usicheke. Kwa katiba yetu Mlinda Mlango ndiye anayeufungua mkutano, na mkutano usiofunguliwa naye si mkutano, ni soga. Nasimama mlangoni, nampa kila mtu mkono, namuuliza polepole: "Jambo moja jema?" Naye ananinong'oneza jambo moja alilomfanyia mtu wiki ile. Simwambii yeyote. Asiye na jambo hafukuzwi, anaingia, ila anakaa benchi la nyuma, lile lenye mguu mbovu.

Kitu kimoja nikiseme mapema. Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Tangu tumzike dada yake hatujakaa meza moja. Hatukugombana, bora tungegombana, watu wangetupatanisha. Ila kila tukitazamana tulimwona yeye katikati, basi kila mmoja akashika njia yake. Tukabakiwa na ule mlango. Kila Alhamisi ananipa mkono, ananinong'oneza, "Nimeng'oa jino bure." Namjibu, "Pita." Undugu wetu wote ulikuwa hapo, na mimi niliungoja wiki nzima.

Basi ugonjwa ukaingia, ukumbi ukafungwa, tukaambiwa tukutane mtandaoni.

Mkutano wa kwanza ulikuwa kituko. Mhazini alituonyesha paji la uso mwanzo hadi mwisho. Mjumbe mmoja alikuwa anakaanga vitunguu, tukasikia vitunguu kuliko hoja. Mwenyekiti alitoa hotuba nzima akiwa amezima maiki, na kwa vile hakuna aliyemjibu, hakushtuka. Mimi nilivaa koti langu la mkutano, nikakaa wima, nikangoja watu waje mlangoni. Hakuna aliyekuja. Walichomoza tu kwenye kioo kama uyoga.

Alipofundishwa kuwasha maiki, Mwenyekiti akasema, "Ajenda ya mwisho: cheo cha Mlinda Mlango. Mtandaoni hakuna mlango. Napendekeza kifutwe." Alisema hivyo akitazama pembeni.

Iliniuma, tena iliniuma sana. Nilitaka kumwambia kwamba mlango usio na bawaba ni mlango vilevile, lakini sikuwahi. Kabla kura haijapigwa akaingia bwana mmoja tusiyemjua, akaanza kutuuzia magodoro. Alieleza inchi sita, akaeleza inchi nane, akaahidi dawa ya kunguni kama nyongeza. Hakuna aliyejua namna ya kumtoa. Aliondoka mwenyewe, baada ya Mhazini kuagiza la inchi nane.

"Jamani," akasema Katibu, "kumbe mlango upo. Ulikosa mtu tu." Akatueleza kwamba kuna chumba cha kusubiri, na mwenyeji wa mkutano ndiye anayemwingiza kila mtu.

"Basi mpeni Komeo ufunguo," akafoka Mwenyekiti. "Wote, peke yake. Tuone!"

Katibu akausajili mkutano kwenye simu yangu. Tangu siku ile, nisipofungua mimi, wajumbe wote wanabaki wanatazama maandishi: Tafadhali subiri mwenyeji afungue mkutano. Daktari wa meno naye anayatazama. Nikaanza tena kupiga pasi lile koti.

Chumba cha kusubiri hakina sauti, kwa hiyo niliagiza kila mtu anipigie simu siku ya Alhamisi aseme jambo lake. Atakayekosa jambo azime kamera. Hilo ndilo benchi letu jipya la nyuma. Simu ilianza kulia asubuhi. Taabu ni kwamba watu walikuwa wamefungiwa ndani na wema umeadimika.

"Nimemwachia mke wangu rimoti," akasema Mhazini.

"Rimoti si huduma kwa jamii."

"Ilikuwa wakati wa taarifa ya habari, mzee."

Nikamkubalia. Mwingine akasema hakumjibu mama mkwe wake. Nikamuuliza alitaka kumjibu nini. Akaniambia. Nikamwambia apite, tena akae mbele kabisa.

Shemeji yangu hakupiga. Alinitumia ujumbe: "Jambo jema: lipo." Nikamjibu kwamba lipo si jambo, azime kamera. Mwenyekiti akaongoza mkutano akiwa mraba mweusi. Alhamisi iliyofuata akatuma vilevile, nikamjibu vilevile, na Alhamisi ya baada ya hapo pia. Hapo ule mraba ukatangaza kwamba kura ya kufuta cheo itapigwa wiki ijayo, na itapigwa kikatiba, koma kwa koma.

Nilijua nitashindwa. Wajumbe walikuwa wamechoka, na mimi, niseme ukweli, ni msumbufu.

Jumanne nikaanza kutetemeka. Naishi peke yangu. Binti yangu yuko mbali na barabara za kutoka huko zilikuwa zimefungwa, basi alipopiga nikamwambia ni mafua tu, nikajikaza kisabuni. Jumatano simu ikaisha chaji. Chaja ilikuwa sebuleni na mimi nilikuwa kitandani, na safari ile nikaiahirisha, nikaiahirisha tena. Pumzi ilikuwa inaingia nusu. Niliogopa. Sikuogopa kufa, kila mtu atakufa. Niliogopa kufa leo na kujulikana wiki ijayo. Nilijiuliza ni nani atakuwa wa kwanza kushtuka, na sikupata jina.

Alhamisi jioni mlango wangu ukagongwa kwa ngumi.

Yaliyotokea upande wa pili nilisimuliwa baadaye na Katibu. Walikaa wote mbele ya yale maandishi, wakasubiri, wakasubiri. Kwa Mwenyekiti mambo yalikuwa wazi kama mchana: Komeo amezima simu, amewafungia nje ili kura isipigwe. Katibu akapendekeza wafungue mkutano mwingine. Mwenyekiti akasema ng'o! Mkutano usiofunguliwa na Mlinda Mlango si mkutano, na kura ya kumfuta Mlinda Mlango bila Mlinda Mlango ni batili. Akawapitia Katibu na Mhazini kwa gari lake, waje kunilazimisha nifungue ili waniondoe kihalali.

"Komeo!" alikuwa anafoka. "Fungua! Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wewe upo! Taa inawaka!"

"Tuuvunje," nikamsikia Mhazini.

"Huo mlango kautengeneza mwenyewe," akasema Katibu. "Utavunja bega."

Alisema kweli. Mlango wangu una makomeo matatu ya chuma, kazi ya mikono yangu, na madirisha yote yana nondo. Miaka yote nimejisifia kwamba hakuna mwizi wa kuingia kwangu. Siku ile nilijiona mjinga wa mwisho. Nikajiangusha kutoka kitandani, nikatambaa. Kizingiti cha chumbani kilinishinda mara ya kwanza. Nilipofika mlangoni nilikaa sakafuni, nikauegemea, nikakohoa.

Nje ngumi zikakoma. Halafu nikasikia sauti ya Mwenyekiti karibu na tundu la ufunguo, imeshuka, haina cheo tena.

"Shemeji? Hiyo si pumzi yako."

Hakuwa ameniita hivyo tangu msibani. Mimi kichwa kimejaa homa, nikafanya kazi yangu.

"Jambo moja jema?" nikauliza.

"We mzee una wazimu! Fungua!"

"Jambo moja jema."

Nilimsikia akihema. "Sina," akasema. "Nimekuja kukugombeza."

"Basi benchi la nyuma," nikasema, nikavuta komeo la kwanza.

La pili lilikuwa gumu. La tatu liko juu, na sijui nilisimamaje.

Garini Katibu ndiye aliyeendesha. Mhazini, kwa sababu ya umbo lake, alikaa mbele. Mwenyekiti akaingia nyuma na mimi, madirisha wazi, kila mtu na barakoa yake, akanishika kichwa kisigonge mlango. Daktari mzima anajua ugonjwa unavyoambukiza, na hakusogea hata kidogo.

"Umetufungia nje," akanung'unika.

"Nilikuwa naumwa."

"Ungesema."

"Ningemwambia nani?"

Akanishika kichwa kwa nguvu zaidi mpaka tukafika hospitali.

Nililazwa, nikawekewa oksijeni, na wageni hawakuruhusiwa. Lakini kila siku ililetwa chupa ya buluu ya chai, ndani yake supu ya moto, haina jina. Nilimuuliza muuguzi inatoka kwa nani. Akasema inaachwa getini na bwana mmoja mwenye koti jeupe, mkali, ambaye akisubiri anawagombeza walinzi kwamba hawapigi mswaki vizuri. Nilikunywa yote, na ilikuwa na chumvi nyingi mno.

Niliporudi nyumbani ile ajenda ya kura sikuiona tena, na sikuiulizia. Alhamisi ikafika. Nilivaa koti, lilikuwa limenipwaya, nikakaa na simu. Ikalia mapema kuliko siku zote. Alikuwa yeye, na safari hii kwa sauti yake.

"Mlinda Mlango."

"Mwenyekiti. Jambo moja jema?"

"Sina," akasema. "Siku zote hizi nimehangaika na mkaidi mmoja tu."

Ile chupa ya buluu ilikuwa mezani mbele yangu, nimeiosha, inangoja mwenyewe aifuate. Niliitazama. Sheria ni sheria.

"Basi zima kamera."

"Nitazima."

Nilidhani atakata simu. Hakukata.

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi nini?"

"Jambo moja jema. Miaka yote unatuuliza sisi. Wewe nani amewahi kukuuliza?"

Machozi yakanitoka, na sioni haya kulisema. Nikatafuta jibu. Nilikuwa mtu wa kulala tu, wa kugeuzwa na kunyweshwa. Ningekuwa nimemfanyia nani wema? Yeye akangoja bila kunihimiza.

"Nilikufungulia mlango," nikasema.



"Pita," akasema.