Theluji ya Jumatano

Nilipokuja Queanbeyan, Australia, kumlelea binti yangu Lupe mtoto wake, nilikuwa na mambo manne moyoni niliyotaka kuyafanya kabla sijarudi Tonga kungoja kuzikwa kando ya mume wangu. Kupanda treni. Kuchuma tufaha mtini kwa mkono wangu. Kusikia kinanda kikubwa cha mabomba kikipigwa kanisani. Na kugusa theluji.

Matatu niliyafanya peke yangu, kwa sababu Lupe anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, na mumewe Vaha ni fundi wa mapaa. Treni nilipanda, nikakaa dirishani, nikaona mengi, nikarudi nikakuta nyumba haina mtu wa kumhadithia. Tufaha lilikuwa tamu, nikalimaliza lote. Kwetu ukila peke yako watu huuliza kama unaumwa au umeiba.

Kwa hiyo theluji nilisema sitaigusa bila Lupe.

"Twende Jumapili, Mama," alisema Vaha tukiwa mezani. "Ndiyo siku ambayo sote tuna nafasi."

"Jumapili ni ya Bwana."

"Na theluji kaitengeneza nani? Si huyo huyo?"

"Kaitengeneza, ndiyo. Ila siku ya saba alipumzika, hakwenda kuteleza."

Vaha akacheka mpaka akapaliwa na muhogo. Lupe akampiga mgongoni. "Usishindane na mama yangu, utaaibika bure. Mama, nitaomba ruhusa Jumatano, mtoto abaki kwa jirani. Basi la mlimani linaondoka asubuhi. Mimi na wewe tu."

Jumatano nikafunga mkeka wangu wa kiunoni tunaouvaa Tonga juu ya nguo, ule mzuri, maana huendi kutazama kazi ya Mungu ukiwa umevaa ovyo ovyo. Tulikuwa tayari kituoni simu yake ilipolia. Nilimtazama uso wake, nikajua.

"Mwenzangu kaugua, na hawana mtu mwingine," akasema. "Nirudi kazini, Mama. Tutakwenda siku nyingine."

"Siku ipi? Ijumaa nasafiri."

Akazitazama tiketi zetu mbili mkononi.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Wazee wale hawawezi kujiosha."

"Na wewe je?"

"Mimi najiosha mwenyewe."

Akacheka, machozi yakimtoka, akanivika koti lake juu ya mkeka, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Ndani ya basi mwanamume mmoja akataka kukaa pembeni yangu. Nikamwambia kiti kina mwenyewe. Sikusema uongo, kilikuwa kimelipiwa.

Nilidhani theluji ni laini kama pamba ya mto. Kumbe inalia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe, na weupe wake unaumiza macho. Koti nilikuwa nimeliacha wazi, mkeka unaonekana. Msichana mwenye miwani mikubwa akanijia mbio.

"Bibi, mnaanza saa ngapi?"

"Kuanza nini?"

"Ngoma! Si umevaa nguo za kuchezea?"

"Hii ni ya heshima, mjukuu wangu."

"Loo, nisamehe. Basi tupige picha."

Tukapiga. Picha akaondoka nayo yeye.

Ndipo nikavua glavu, nikainama, nikaigusa. Kwetu jambo likiwa zuri lazima mmoja apaze sauti, "Mālie!", na wengine waitikie, la sivyo ni kama halikutendeka. Nikasema mālie. Watu wakanipita wakiteleza. Nikaona haya, nikasema tena, safari hii polepole. Kisha nikamshukuru Mungu, kwa kuwa yeye alikuwapo pamoja nami. Lakini Mungu theluji alikuwa ameshaiona.

Jioni Lupe aliingia, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake.

"Nihadithie yote, Mama. Usiruke hata kitu."

Nikaanza na basi, na yule mwanamume wa kiti. Kabla hatujafika mlimani alikuwa amelala, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni akitoka shule. Nikamvua viatu. Sikuacha kuhadithia, nilipunguza tu sauti, nikaenda mbele mpaka kwa yule msichana na ngoma yake. Hapo nikasubiri kidogo, maana ndipo angecheka.