Kiraka kwenye Kiatu Kipya

Siku Dada Pasi alipopeleka viatu vipya kwa fundi ili vitiwe kiraka, fundi alidhani anataniwa. Alivigeuza, akavinusa, akaingiza mkono ndani hadi kwenye vidole. Soli ilikuwa haijakanyaga hata vumbi. Ngozi laini, na ndani bitana nyororo isiyo na mshono hata mmoja.

"Kiraka kiende wapi?" akauliza.

"Popote. Weka hapo ubavuni, karibu na kidole kidogo. Kiatu kimoja kinatosha."

"Hapo pana nini?"

"Hapana kitu. Ndiyo maana nataka uweke."

Fundi huyo watu walimwita Kisigino, kwa kuwa hakuna kisigino kilichopata kumshinda, na yeye mwenyewe alikuwa mfupi kama jina lake. Aliweka nyundo chini. "Dada yangu, mtu huniletea kiatu kimetoboka, nami nakiziba. Wewe unataka nikitoboe kwanza ndipo nikizibe. Wakinikuta watu na kosa hili, nitasema nini?"

Dada Pasi alicheka, lakini hakuondoka. Alisimama pale akipokezanisha miguu, ndala zake zimelika upande mmoja hadi kisigino kinagusa ardhi. "Nyumbani hawajazoea kuniona na kipya," akasema.

Kisigino aliacha mzaha. Alikata kipande cha ngozi kuukuu ya kahawia kutoka kwenye pochi mbovu, akakishona ubavuni mwa kiatu cha kulia kwa uzi wa nailoni. Alipofika mwisho akafunga fundo upande wa ndani, akaligonga kwa nyundo lilale. Halafu akapaka majivu kidogo juu ya vyote viwili. Alikuwa fundi kweli, maana alipomaliza ungeapa kwamba viatu vile vimekwisha zika wenyewe wawili.

Sasa, msomaji utafikiri huko nyumbani kulikuwa na mume mkali au mama mkwe wa kuhesabu shilingi za watu. Hakukuwa na yeyote. Kulikuwa na Kitinda, mdogo wake wa mwisho, kijana mpole wa chuo ambaye angemwona dada yake na viatu vya dhahabu angesema tu vimekupendeza. Na mtaa wa pili aliishi mdogo wao wa kati, msichana aliyesomeshwa kwa kazi ya dada yake ya kupiga pasi hadi akawa mwalimu, na sasa hata nyumbani waliitana hivyo, Mwalimu. Hakuna aliyemwonea kijicho. Hakimu alikuwa ndani ya kifua chake mwenyewe, na hakimu huyo hana likizo.

Mama yao alifariki Dada angali msichana. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi, na kazi hiyo lazima ilijificha sana, maana hakurudi. Dada akaingia kwa dobi kupiga pasi, na jina la Pasi likamganda hapo. Mshahara wa kwanza alijinunulia sweta jekundu, kwa sababu alikuwa akitoka kwenye joto la chumba cha pasi akiloa jasho na kukutana na baridi ya jioni. Wiki ileile Kitinda, wakati huo mtoto wa kubebwa, akapatwa na homa ya mapafu, na pesa ya dawa haikutimia. Dada alilivua sweta, akaliuza kwa nusu ya bei, akakimbia kununua dawa. Mtoto akapona, akanenepa, akasahau. Dada hakupona. Tangu siku ile, kila alipotoa pesa kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, mkono ulikuwa mzito kama unaiba.

Lakini mwili nao una madai yake, huwezi kuuambia usubiri mwisho wa dunia. Ikabidi Dada ajifunze ujanja. Gauni jipya alilifua mara tatu kabla ya kulivaa. Sabuni nzuri aliikata vipande ionekane imebaki kwa mtu. Na kila kitu chake kilikuwa na neno moja la kukisindikiza, "Nimepewa." Nimepewa na mteja. Nimepewa kazini. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na huyu alinyoosha mashati ya mji mzima huku lake likiwa na makunyanzi kama limetafunwa, ili tu mtu asidhani amejipendelea.

Viatu hivi navyo hakuvitaka. Alilazimishwa. Alikuwa na kisukari, na kwenye kliniki muuguzi mmoja mwenye sauti ya taratibu alimwambia afumbe macho, aseme "ndiyo" kila akihisi anaguswa nyayo kwa uzi mgumu. Dada akafumba macho, akangoja, akangoja.

"Haya, anza basi," akasema.

"Nimeshamaliza, dada," akajibu muuguzi.

Ndipo akaelezwa. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Jiwe likiingia, msumari ukichoma, mguu hautamwambia. Ndala ni marufuku. Atafute viatu vya kufunika, vipana, laini. "Na kabla hujavivaa ingiza mkono ndani," muuguzi akasisitiza. "Ukigusa mshono au fundo lolote, hicho si kiatu chako. Kidonda kwako si kitu kidogo. Watu wanakatwa miguu."

Dada aliitika vizuri, akaenda nyumbani, akakaa na ndala zake miezi. Pesa ya viatu ilipopatikana ilikumbuka kwamba Kitinda hana begi. Ilipopatikana tena, Mwalimu alikuwa amejifungua. Alifika mlangoni pa duka la viatu, akarudi, hadi muuza duka akamwita, "Mama, ingia, viatu vyetu haviumi!" Siku aliyoingia alilipa kama mtu anayelipa faini, akatoka na mfuko mkononi. Njiani simu ikalia. Ni Kitinda, na wala hakuomba kitu, alitaka tu kusema kwamba ada ya mtihani imetangazwa. "Usijali Dada, bado kuna muda," akasema. Mtoto wa watu alisema usijali! Lakini Dada alikwisha geuza njia kuelekea kwa Kisigino.

Aliporudi nyumbani amevivaa, uani alipokelewa na Mama Redio, jirani ambaye habari za watu zilipita kinywani mwake kabla hazijafika masikioni mwa wenyewe. Macho yakamshuka moja kwa moja hadi miguuni.

"Dada Pasi! Viatu hivyo?"

"Nimepewa kazini."

"Mna bahati nyie mnaopewa," akasema Mama Redio, akaona kiraka, akaridhika, akarudi kwenye nguo zake za kuanika.

Na kweli Dada aliona raha. Siku nzima alisimama kwenye meza ya pasi, mvuke ukimpanda usoni, harufu ya wanga na nguo moto, na nyayo zake zikakaa ndani ya kitu laini. Alijisikia vizuri hata akaimba kidogo. Fundo la uzi, lile dogo, lilianza kazi yake siku hiyohiyo. Lilisugua ubavu wa kidole kidogo kila alipohamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na mpiga pasi huhamisha uzito tangu asubuhi mpaka jioni. Mguu haukumwambia kitu, kama alivyoahidiwa.

Aliligundua doa kwenye soksi akifua. Akadhani ni kutu ya maji ya pasi. Doa likarudi. Akainua mguu, akaona kidonda cheupe pembeni, katikati cheusi, na hakikuuma hata kidogo. Hapo ndipo alipopaswa kukimbia. Mimi ninayewasimulia hapa huwa natamani nimshike bega nimtikise. Pesa ilikuwepo, ameifunga kwenye kitambaa, lakini ilikuwa ya mtihani wa Kitinda. Tena akienda kliniki wataomba kiatu wakione, wataingiza mkono, watauliza fundo hili limetoka wapi. Atasema nini? Kwamba alikilipia kiatu kizima ndipo akakilipia kitobolewe?

Akakiosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akavaa soksi mbili. Ada ikalipwa. Kitinda akampigia kumshukuru, akamwita mama yake wa pili. Dada alifurahi siku hiyo, nao mguu wake ulikuwa umeanza kunuka.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ila Dada aliumbuliwa mapema, na pasi. Alianguka pale mezani mwili ukiwaka homa, pasi ikabaki juu ya shati la mtu mpaka moshi ukatoka. Hospitalini daktari hakuzunguka. Sumu imepanda hadi juu ya kifundo. Akibaki na mguu atakwenda nao kaburini. Mwalimu ndiye aliyeweka saini. Wakakata chini ya goti.

Dada alipopata fahamu alimwona Mwalimu ameketi pembeni ya kitanda, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni lake, kitambaa chake cha kichwa, na viatu. Mwalimu alikuwa amekwisha ongea na watu wa kliniki. Alikitoa kiatu cha kulia, akaingiza mkono ndani taratibu, na Dada akauona uso wa mdogo wake ukibadilika pale vidole vilipofika.

"Dada. Hiki kiatu nani amekupa?"

"Nimepewa kazini," Dada akasema. Lilimtoka kabla hajafikiri.

Mwalimu akakigeuza. Chini ya soli, kwenye upinde wa ndani usiokanyaga ardhi, karatasi ya duka ilikuwa bado imebandikwa. Kisigino alisahau kuibandua, na Dada hakuiona.

"Ulivinunua vipya," Mwalimu akasema polepole. "Ukaenda ukavitia kiraka. Ili sisi tusijue."

Dada akageuza uso ukutani.

"Tulijua, Dada! Siku zote tulijua. Lile sanduku lako, ukishakwenda kazini tulikuwa tunalifungua mimi na Kitinda. Tunatoa gauni, tunalinusa. Nguo ya kupewa inanuka duka? Tunarukaruka pale chumbani, tunaimba Dada kapata, Dada kapata! Halafu tunalikunja vilevile ulivyolikunja, kwa sababu tuliona hutaki tujue. Tukadhani tukijua utaliuza."

Kitinda alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda, amekishika chuma kwa mikono miwili. Dada akamtazama. "Sweta nililiuza," akamwambia, kana kwamba ndiye anayemdai. "Ulikuwa unaumwa."

"Sweta gani, Dada?"

Hakulikumbuka. Hakuwa amejua hata kwamba lilikuwepo. Dada Pasi alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, alilia kwa sauti hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akaketi. Alikuwa akiwaza chumba kile kidogo, watoto wawili wakicheza kwa furaha juu ya gauni lake, na yeye wakati huo yuko kazini anatunga uongo wa kuwaambia jioni. Raha ile wangeweza kuila pamoja. Ilikuwepo miaka yote, imekunjwa ndani ya sanduku.

Kabla hajaruhusiwa, Kitinda aliingia na magongo mawili, yamefungwa nailoni mpya.

Dada aliyatazama. Ulimi ukamtangulia. "Hayakuwapo ambayo mtu amekwisha yatumia?"

Kitinda alichana ile nailoni kwa meno, akaitupa.

Siku ya kutoka Mwalimu alipiga magoti sakafuni akamvisha kiatu cha kushoto. Kile hakikuwa na kiraka. Mwalimu alikuwa amekifuta majivu yote, akakipaka rangi, kikawa kama siku ile dukani. Kwenye teksi Dada alimwomba dereva asipite barabara ya kawaida, azunguke nyuma ya soko. Mwalimu akauliza kwa nini, na Dada akasema kuna fundi wa viatu ana kibanda pale kwenye kona, asingependa amwone hivi. Asingelala tena, yule.

Uani Mama Redio alikuwa anaanika. Aliposikia magongo aligeuka, nguo ikamwanguka mkononi. Macho yakateremka mahali palipokuwa na mguu, yakakimbia hapo, yakatua kwenye kiatu. Masikini, alitafuta kitu chochote chema cha kusema.

"Kiatu kizuri, Dada Pasi," akasema kwa sauti ndogo. "Ndicho kile ulichopewa kazini?"

Kitinda alitaka kujibu, Mwalimu akamzuia kwa mkono. Dada alisimama sawasawa juu ya magongo yake, akashusha pumzi.

"Sikupewa," akasema. "Nilinunua mwenyewe. Vilikuwa viwili."