Ukurasa wa Mwisho wa Mazishi ya Osiako

Jumatatu asubuhi Kibiwott, fundi wa kompyuta kutoka Eldoret, aliingia katika ofisi ya uchapaji iliyotazamana na mahakama ya Kakamega, akaketi kwenye kiti cha Navalayo bila kuombwa, akaanza kuubadilisha mfumo wa mashine. Navalayo, mpiga chapa wa ofisi hiyo, alisimama nyuma yake akila mahindi ya kuchoma. Mfumo wa zamani ulikuwa na kioo cha buluu na herufi nyeupe, basi. Huu mpya ulikuwa na vidirisha, rangi za kila aina na picha ya kikapu cha taka. Kibiwott alipomaliza alijipangusa mikono kana kwamba ametoka kuchinja.

"Kuna vitu havitafanya kazi tena," alisema. "Programu yako ya kuchapia ni ya zamani. Haielewani na huu mfumo."

"Vitu gani?"

"Utavijua ukivitafuta."

Alivijua upesi. Kitufe cha kuweka kichwa cha barua katikati kilikufa. Saa ya pembeni ilisimama. Na kile kitufe cha F8, kilichokuwa kikiusukuma ukurasa wa mwisho utoke kwenye printa, hakikusukuma tena kitu. Kazi ya ukurasa mmoja ilitoka, lakini ikizidi hapo printa ilitoa kurasa zote ila ule wa mwisho, ikaukalia huku taa yake ikimetameta, na ukiizima ukurasa umepotea. Navalayo alijifunza kubana barua za wateja zienee kwenye ukurasa mmoja, na kwa barua hilo lilitosha.

Wiki hiyohiyo mumewe Osiako, dereva wa trekta la miwa, alishika kifua akiwa kazini, akafa kabla trekta halijasimama. Mwili ulipelekwa nyumbani kwao, upande wa Iguhu. Elkanah, kaka mkubwa wa marehemu, alisema hakuna haja ya kutafuta mpiga chapa mwingine ilhali mjane mwenyewe ndiyo kazi yake. Basi Navalayo akaichapa programu ya mazishi ya mumewe, kilemba cheusi kichwani, macho makavu. Printa ikatoa kurasa tatu, wa nne ikaubakiza tumboni.

"Inatosha," Elkanah alisema akiwa mlangoni, gari likimngoja. "Watu wanajua mazishi inaishanga aje." Akazichukua kurasa alizozipata akaenda kuzitoa nakala.

Hapo alikosea. Upande ule wa Iguhu hakuna kinachofanyika mazishini kama hakimo kwenye programu. Miaka ya nyuma mfawidhi mmoja alimruhusu mkwe kusema maneno mawili nje ya karatasi, viti vikaruka, na koo mbili hazijasalimiana tangu siku hiyo. Ndiyo maana Mzee Wanzala, mwalimu mstaafu aliyeongoza mazishi yote ya pale, alikuwa akifuata karatasi mstari kwa mstari, kidole juu yake. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa tatu ulisema: Hotuba ya familia, Elkanah. Kushusha jeneza, shukrani, matangazo, sala ya kufunga na chakula vilikuwa ukurasa wa nne.

Jumamosi Elkanah alihutubia, akamaliza, akamtazama Mzee Wanzala. Mzee Wanzala aliigeuza karatasi, akakuta nyuma ni nyeupe.

"Endelea tu, mzee," alisema. "Hakuna kingine hapa."

Elkanah akaendelea.

Jua lilipoanza kushuka, wa kwanza walinyanyuka waende zao. Walitoka langoni, wakapita kando ya ua wa minyaa, kisha wakajikuta wanaingia kwa nyuma, katikati ya bustani ya sukumawiki nyuma ya jikoni. Wakasalimia watu upya, wakakaa. Mtu mmoja mwenye ng'ombe wa kukamuliwa alijaribu tena, akatokea palepale, akaomba kikombe cha chai. Hakuna aliyeuliza. Mazishi ambayo hayajafungwa hayaachwi, kila mtu alilijua hilo, ila hapo awali hakuna aliyekuwa amelijaribu.

Siku zikapita. Kwaya ikajifunza nyimbo mpya. Akina mama wakagawana zamu za jikoni, na mwalimu mmoja akafungua darasa chini ya turubai ili watoto wasisahau hesabu. Osiako hakuharibika jenezani, lakini shada la maua lilihitaji kumwagiwa maji. Elkanah alihutubia kutoka chai ya asubuhi mpaka giza. Alipomaliza utoto wa marehemu, aliingia kwenye mambo ya mbele.

"Huyu mulamwa wangu," alisema kwenye spika, akimwonyesha shemeji yake kwa kidole, "harudi Kakamega kugongagonga mashine. Boma linataka mwanamke. Nyumba ya marehemu iko, na mimi niko."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamezoea kupiga makofi.

Chumba cha kupanga cha Navalayo kilikuwa Amalemba, mtaa wa mjini Kakamega, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya sidiria yake, saa hizo. Kiti chake cha kazi kilikuwa wazi bado. Binti yake Mitchel alikuwa darasa la tatu katika shule ya mjini, tena anashika namba nzuri. Yote hayo aliyataka, na aliogopa kwamba Elkanah akiendelea kusema hivyo kila siku, hata yeye mwenyewe ataanza kuona ni sawa. Alikwenda kwenye ua akamwita mwanamke aliyekuwa akipita kwenda hospitali.

"Mama, nisaidie. Ukifika mjini ingia ile ofisi ya kuchapa, mwambie Fauzia amtafute Kibiwott. Arudishe mfumo wa zamani. Ukurasa wa mwisho wa programu uko kwa disketi, autoe alete."

Fauzia, mwenzake wa ofisini, mtu wa Mumias, alifika akiwa na ukurasa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hodi wenyewe. Poleni na msiba," alisema, kisha akamshika Navalayo mikono. "Yule fundi alikuja shingo upande, wallahi. Lakini amerudisha. Kioo kimekuwa buluu, nikabonyeza F8, ikatoka."

Mzee Wanzala aliupokea ukurasa, akavaa miwani, akaweka kidole. Jeneza likashushwa. Shukrani zikatolewa. Ikatangazwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha sukari warejee kazini, majirani warudi makwao, wanakwaya wafike kanisani, wanafunzi wote warudi shuleni Jumatatu. Sala ikafunga, watu wakala obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, kisha wakatoka langoni na barabara ikawapokea. Kwaya iliondoka ikiimba, na wimbo ukasikika mbali kabisa.

Navalayo alibeba begi lake, akamshika Mitchel mkono, akamfuata Fauzia. Langoni mkono wa mtoto ulimponyoka. Alijikuta kwenye sukumawiki, begi mkononi. Akarudi langoni, safari hii mbio. Sukumawiki. Fauzia akamkumbatia kiunoni wakatoka pamoja kama wacheza ngoma, na Fauzia akafika barabarani akiwa amekumbatia hewa.

Navalayo alimwendea Mzee Wanzala, aliyekuwa akikunja karatasi zake, akamwomba asome tena. Alisoma. Kila mtu alikuwa na pa kwenda. Mjane alitajwa ukurasa wa kwanza, kati ya walioachwa na marehemu, na baada ya hapo hakutajwa tena.

"Lakini mfumo wa zamani umerudi, mzee," Navalayo alisema. "Kila kitu kimetoka."

"Kimetoka chote, Mama Mitchel. Hiyo unayotafuta haikuwangi, tangu zamani."

Hapo aliwakumbuka wajane wa miaka yote ya kioo cha buluu. Alikuwa amechapa majina yao vizuri, katikati ya mstari, na hakuwahi kujiuliza walienda wapi.

"Narudi ofisini nauandika sasa hivi," Fauzia alipaza sauti kutoka nje ya ua. "Mstari mmoja tu!"

"Si mbaya," Mzee Wanzala alijibu. "Lakini programu inapitishwanga na familia."

Wakamtazama Elkanah. Alikuwa anachokonoa meno, ametulia, hana kinyongo na mtu.

"Aandike tu," alisema. "Alete nitaiangalia." Akavuta kiti cha Osiako, akaketi barazani.

"Mama, unakuja?" Mitchel aliuliza akiwa barabarani.

Navalayo aliutoa ufunguo akampa Fauzia kupitia kwenye minyaa. Alimweleza kwamba sare iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kwamba soksi zikaushwe vizuri kwa sababu mtoto hukohoa, na kwamba mwalimu wake wa darasa ni mkali lakini ana moyo mzuri. Alimwambia Mitchel asome. Alilia alipokuwa akisema hivyo, na mtoto naye akalia, kisha Fauzia akamshika mkono wakaanza kwenda.

Walipopotelea kwenye kona, Elkanah aliita kutoka barazani.

"Mulamwa, chai!"

"Naja," Navalayo akaitika, na njia ya kwenda jikoni ikampitisha bila shida yoyote.