Sikumuuliza Ukoo

Mimi nina mdomo. Kila dereva anayekula kwangu hapa Mtito Andei anajua. Huwa nauliza watu hata mambo yasiyonihusu. Lakini yule kijana aliyelala nyuma ya jikoni yangu kuanzia Machi hadi Juni sikumuuliza chochote, tena kwa makusudi.

Sisi Wakamba, mgeni huulizwa ukoo kabla hajamaliza chai. Mkiwa wa ukoo mmoja, huyo ni ndugu yako, humfukuzi. Mimi ni wa Atangwa. Nina watoto wanne na hoteli ya mabati. Nilimwangalia anavyozungumza na ukuta, suruali imeraruka, nikajiambia: Nduku, usijitafutie ndugu. Nikawa nampa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, asubuhi na jioni. Akishukuru aliniita mwaitu, mama. Nami nilijifanya sisikii.

Juni wateja wakaanza kunung'unika. Nilikuwa nimesikia kwamba Mombasa kuna watu wa kanisa wanaotunza wagonjwa wa akili, nikamwomba Hersi, dereva wa lori, ampeleke.

"Anaitwa nani? Huko wataniuliza, mama."

"Wee Hersi, kwani mimi ni chifu? Mbebe tu."

Kijana akapanda akitabasamu, ameshika chapati nilizomfungia kwa gazeti. Walipofika Voi akashuka kujisaidia, hakurudi. Hersi alimtafuta akimwita mpaka jua likazama, akanipigia simu. Nikasema, "Mungu anajua," nikaendelea kukata sukuma wiki. Aibu ya maneno hayo naibeba hadi leo.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja kutoka Ikutha, viatu vimejaa vumbi. Akanionyesha picha kwa simu. Kijana amevaa sare safi ya shule, lakini tabasamu ni lile lile.

"Ni mtoto wangu. Aliugua akili mwaka jana, akatoka nyumbani. Umemwona?"

Nikamketisha, nikamweleza yote, hata ya Voi. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Basi nikauliza lile swali, likiwa limechelewa miezi minne.

"Nyinyi ni wa ukoo gani?"

"Aombe."

Si ukoo wangu. Nisingedaiwa hata kikombe cha chai. Ningeuliza tu, yeye angenijibu, na wazee wa Aombe wako hapa hapa sokoni. Siku hiyo hiyo simu ingefika Ikutha.

Mama akajipangusa macho kwa leso. "Alikuwa anakula?"

"Alikula. Kila siku."

"Mungu akubariki, dada. Wengine wangemfukuza." Nimetukanwa sana maishani, lakini hakuna tusi lililoniuma kama shukrani ile. Akageukia barabara ya Voi. "Mwanangu Muindi, hata akichanganyikiwa namna gani, ukimwita jina anakuja. Huyo dereva alikuwa anamwita nani?"

Nikamwambia ukweli. Alikuwa anaita, "Wee kijana, wee kijana," kwa sababu mimi sikumpa jina la kuita.